Mgeni Aliyelisifu Gari la Athumani

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniamsha leo nikiwa na miguu ya kunifikisha msikitini na akili ya kukumbuka jana. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake. Nimeshamtaja Yeye, sasa naweza kusema.

Haya siyo mambo ya kusimuliwa. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, jua bado lipo, kikombe cha kahawa mkononi, sina homa wala usingizi. Najua wapo watakaosoma na kusema huyu mzee ameanza kuchoka. Naam, nimechoka, namshukuru Mungu kwa umri. Lakini niliyoyaona niliyaona, na wenzangu wawili waliyaona pia, na mmoja wao ana alama yake mwilini hadi leo.

Sisi ni wazee wachache tunaopenda magari ya zamani. Jumapili, baada ya swala ya alasiri, maduka mengi ya spea pale mtaa wa Gerezani, Kariakoo, yakiwa yamefungwa na mtaa umepata nafasi ya kupumua, tunakutana nyuma ya maduka hayo. Mwenye gari huja nalo. Asiye nalo, kama mimi, huja na maneno. Marehemu baba yangu aliendesha teksi hapa hapa Kariakoo, na maradhi haya nimeyarithi kwake.

Siku ile tulikuwa watatu tu: mimi, Athumani na Sudi. Athumani ni rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa chuoni, tunasoma Kurani kwa mwalimu mmoja. Yeye ndiye mwenye gari lenyewe, ambalo mtaa mzima unaliita Sultani. Ni gari la Kimarekani, refu mpaka likikata kona unafikiri yanapita magari mawili. Rangi yake kijani hafifu, paa jeupe, nyuma lina mapezi mawili kama papa. Bampa lake ni la nikeli, linang'aa, ukiinama mbele yake unajiona una tumbo kubwa, hata kama umefunga mwezi mzima. Usukani uko kushoto, basi Athumani akitaka kulipita lori, mimi niliyekaa kulia ndiye nachungulia na kumwambia apite au asubiri. Mara ngapi tumenusurika kwa rehema ya Mungu tu!

Na vituko vyake sasa. Swichi ya taa kubwa iko sakafuni, unaikanyaga kwa mguu wa kushoto. Waipa zinaendeshwa kwa pumzi ya injini: ukikanyaga mafuta kupanda kilima zinasimama, ukiachia zinakimbia kama zinafukuzwa. Mvua ikinyesha, Athumani anachagua moja, aende au aone. Lakini kituko kikubwa ni pa kutilia mafuta. Hapaonekani. Mgeni akija tunamwambia apatafute, akishindwa kahawa ni juu yake. Atazunguka, atapiga magoti, atafungua hata boneti. Kumbe pako nyuma ya taa ya kushoto. Kuna kitufe kidogo chini yake, ukikibonyeza taa inainuka kama kope la jicho.

Sudi naye ana kigari cha Kizungu, kidogo, cha mviringo, kinachochemka kila kikikutana na foleni. Utani wao ulikuwa hauishi.

"Hilo lako linakunywa mafuta kama limetoka jangwani," Sudi alisema siku ile.

"La kwako linakunywa maji," Athumani akamjibu. "Kila taa nyekundu unashuka na kidumu. Watu wanadhani unauza."

Tulicheka. Sudi alicheka pia, lakini kicheko chake kilikuwa kimeanza kukauka miaka mingi nyuma, na mimi nilikuwa nikikisikia. Sababu nilikuwa naijua. Yeye ndiye aliyeliona Sultani kwanza. Lilikuwa ghalani Magomeni, limekaa juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Sudi alilidharau, akaja kulisimulia barazani kama kichekesho. Athumani hakucheka. Alikwenda kulitazama, akalichukua, akakaa nalo miaka akilifufua, kipande kimoja kimoja, vingine vikipitia bandarini kutoka alikokujua yeye. Siku lilipotoka likinguruma, Sudi alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Na tangu siku hiyo, kila mtu akilisifia, utamsikia akisema taratibu, "Mimi ndiye niliyeliona kwanza."

Tulikuwa na sharti moja pale kijiweni, na naomba ulielewe, maana kisa chote kimesimama juu yake. Anayelisifu gari la mwenzake sharti aanze na Mashaallah. Hatukuliweka kwa mapambo. Tulifundishwa tangu udogoni kwamba jicho la mtu lina kitu, na sifa isiyotajwa Mungu ndani yake inaweza kumdhuru anayesifiwa. Aliyesahau tulimsimamisha pale pale. Hata wasiokuwa Waislamu, kama yule ndugu yetu wa Kihindi mwenye duka la bearingi, walilisema bila kukumbushwa.

Basi jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghorofa. Athumani alikuwa ameacha injini ikizunguka polepole ili tuisikilize, maana Jumamosi iliyofuata angemchukua mjukuu wake Mwanaidi, bibi harusi, kutoka Magomeni hadi ukumbini. Alikuwa amemwahidi tangu akiwa binti mdogo. Ndipo tukamwona mtu amesimama kwenye taa za nyuma.

Hatukumwona akija. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, viatu havina vumbi. Gerezani, mahali penye oili mpaka ukutani, viatu havina vumbi! Kwa umri wake alipaswa kutuamkia. Nilikuwa na marahaba yangu tayari mdomoni, ikabaki humo humo. Hakusema shikamoo wala salaam aleikum. Alisema tu, "Gari zuri."

Athumani, kwa furaha yake, akamwambia, "Karibu, bwana. Haya, tafuta pa kutilia mafuta."

Yule mtu hakutafuta. Alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe, taa ikainuka.

"Wengi huhangaika hapa," akasema.

"Ala! Nani kakufundisha?"

"Nimelitazama muda mrefu."

Niamini, nilipendezwa. Ni nani asiyependa kumsikia mtu anayejua? Alianza kulizunguka akilitaja kiungo kwa kiungo, kwa sauti laini. Alisema saa za magari haya hufa mapema, lakini hii inatembea. Akasema honi yake ina sauti mbili, na mafundi wengi huipoteza ile ya chini. Athumani alikuwa anayeyuka. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mwanafunzi. Hapo ndipo tulipokosea, sisi wenye sharti letu. Maneno yalikuwa matamu mno kwa watu wenye ugonjwa kama wetu, hakuna aliyegundua kuwa neno moja halijatamkwa.

Sudi hakuvumilia. "Njoo basi uone na la kwangu," akasema.

Mgeni hakugeuka. "Lako sina haja nalo. Wewe na mimi tunatazama kitu kimoja."

Kisha akaweka kiganja juu ya boneti. "Silinda nane, na hakuna hata moja inayokohoa."

Injini ikazimika.

Athumani akacheka kidogo, akaingia ndani kuwasha. Kimya. Akabonyeza honi. Kimya. Akainama kwenye dashibodi, akanitazama kupitia dirishani, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Saa imesimama," akaniambia.

Hapo akili ikanirudia. Nikamkabili yule mtu. "Ndugu yangu, sema Mashaallah."

Akatabasamu. "Mwambie aliyenileta aseme." Na kwa kidevu chake akamwonyesha Sudi.

"Mimi?" Sudi akaruka, akanigeukia. "Simjui huyu! Wallahi simjui! Sheikh, usimsikilize!"

Sijui kwa nini niliinamisha macho. Labda Mungu aliniinamishia. Mbele yangu lilikuwa lile bampa, na ndani yake tulionekana sote na matumbo yetu makubwa. Nilijiona mimi na kofia yangu. Nilimwona Athumani akishuka garini. Nilimwona Sudi, mikono kichwani. Na pale alipokuwa amesimama mgeni, nilimwona Sudi tena. Wa pili huyu alikuwa ametulia, analitazama gari. Nimeishi na Sudi miaka mingi na uso ule nilikuwa naujua. Ndio ule uliokuwa ukimpitia haraka watu wakicheka.

Nilipoinua kichwa, mgeni alikuwa amemsogelea Athumani.

"Na mikono hii," akamwambia, kwa upole kabisa. "Uzee wote huu, haitetemeki."

Ufunguo aliokuwa ameuchomoa ulimwanguka Athumani. Mkono wake wa kulia ulianza kutikisika kama jani, akaushika kwa wa kushoto, haukutulia.

"Mashaallah! Mashaallah!" nikapaza sauti.

"Umechelewa," akanijibu, bila ubaya, kama mtu anayemweleza mwenzake kuwa pantoni imeshaondoka. Kisha akamwangalia Athumani usoni. "Na macho..."

Sikumwacha amalize. Nilimfunika rafiki yangu macho kwa viganja vyangu viwili, nikaanza kusoma kinga tulizofundishwa dhidi ya shari ya hasidi. Adhana ya magharibi ikaanza misikitini, moja ikiipokea nyingine. Nilidhani sasa ataondoka. Hakuondoka! Alisimama pale akaisikiliza mpaka mwisho, anangoja niondoe mikono. Unafikiri hofu ni nini? Mimi niliijua pale.

Aliyetuokoa, baada ya Mungu, ni Athumani mwenyewe. Alisema, viganja vyangu vikiwa bado machoni pake, "Bwana wee, gari si langu. Mikono si yangu. Macho si yangu. Vyote ni vya Mwenyezi Mungu, nimeazimwa tu. Akivitaka leo, Alhamdulillah. Akiniachia, Alhamdulillah. Sasa wewe unamwonea nani wivu?"

Yule mtu akabadilika uso, kama mwenye njaa aliyefunuliwa sahani akaikuta tupu. Aligeuka, akatembea kumwelekea Sudi. Akapita nyuma ya mgongo wa Sudi, na upande wa pili hakutokea.

Barabara ilikuwa nyeupe, ndugu yangu. Haina mtu.

Sudi alikaa chini, kwenye oili, na kanzu yake ya Jumapili. Alilia. Alisema usiku akifumba macho analiona Sultani, kwamba amewahi kuomba liungue, kwamba harusi ya Mwanaidi ilikuwa ikimchoma kifuani. Nilitaka kumkemea. Athumani akanizuia kwa ule mkono wake unaotetemeka, akasema, "Magharibi inatupita. Twendeni tukaswali." Tukaswali bega kwa bega, Sudi katikati yetu.

Tuliporudi injini iliwaka. Honi ikarudi siku ya pili, ile sauti ya chini kwanza. Saa haijatembea tena, mafundi wameifungua wakaifunga bila kuona kosa. Na mkono wa Athumani haujatulia hadi leo. Hospitali walimpima, wakampa dawa, anazinywa na anashukuru. Lakini usukani ule mzito haushikiki kwa mkono mmoja.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Wanawe walitaka kukodi gari jingine. Athumani akakataa, akamwita Sudi uani, mbele yetu sote, akampa ufunguo.

"Mimi siwezi," Sudi akasema. "Mtu yeyote ila mimi."

"Wewe unajua kila skrubu yake. Umelitazama kuliko hata mimi. Mjukuu wangu asubiri nini? Ingia."

Akaingia. Alilitamani lile gari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sasa alikuwa amekaa nyuma ya usukani wake, bibi harusi nyuma, matarumbeta mbele, watu wamejaa barabarani wanapiga vigelegele. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na Mwanaidi, nikamwona Sudi kwenye kioo. Machozi yalikuwa yanamteremka hadi kwenye ndevu. Tangu hapo yeye ndiye dereva wa Sultani. Kila Jumapili analileta Gerezani, analipaki, anampa Athumani ufunguo mkononi, na Athumani anaurudisha. Hajawahi tena kusema nani aliliona kwanza.

Ewe unayesoma, chunga jicho lako kabla ya kuchunga mlango wako. Mwenzako akipewa, mtaje Aliyempa, kwa sauti, na usingoje mpaka moyo upende. Na mgeni akija kukusifu kwa maneno matamu, msikilize kama ndani ya maneno hayo ametajwa Mungu. Kama hakutajwa, simama, ondoka, hata kama anazungumzia kitu unachokipenda kuliko vyote.

Mwenyezi Mungu akubarikie ulicho nacho, akutosheleze, akulinde na kila jicho, alilinde na jicho lako lisimdhuru mtu. Amin.