Ruhusa ya Kufungua Ndiva

Sisi tuliokulia Upare wa juu, enzi ambazo mtoto akikutana na mzee njiani anatua kwanza mzigo wa kuni ndipo aseme shikamoo, tulikuwa na adabu ya kutisha. Nasema ya kutisha na najua ninachosema. Wanangu wakinisikia naanza hivi hutazamana, kisha kila mmoja anakumbuka ana kazi chumbani.

Utoto wetu ulinukia tangawizi. Ilikuwa shambani, ilikuwa kwenye chai, ilikuwa kwenye kanga za bibi. Tulikula makande yaliyochemka tangu asubuhi, na tukitoka shule tulikalia magome ya migomba tukateleza mteremko mzima, mpaka sketi zikatoboka matako. Tulichapwa kwa ajili ya sketi hizo, na kesho yake tukateleza tena.

Lakini hata mtundu kuliko wote hakugusa kizibo cha ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, lililochimbwa mlimani na kuzungushiwa ukingo wa mawe na udongo. Usiku linajaa maji ya mfereji; asubuhi mwenye zamu anachomoa kizibo, gogo lililoviringishiwa magome ya migomba, na maji yanashuka shambani kwake. Zamu ni ya nani alijua Mzee Elieneza, mgawa maji wetu, na hakuwahi kukosea. Ukifungua siku isiyo yako wewe ni mwizi wa maji. Baba yako atatozwa mbuzi, na jina la mwizi utatembea nalo mpaka uolewe. Mama alikuwa na msemo wake: "Cha mtu ni cha mtu, hata kama unakufa kiu."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja redio ilipotangaza kwamba kimbunga kikubwa kinaingia nchi kavu upande wa Tanga. Wavuvi wasitoke, watu wa mabondeni wahame, kila mtu akae mbali na miti mikubwa na mabati yaliyolegea. Sisi tulisikiliza kama habari za nchi nyingine. Watu wazima waliwahurumia watu wa pwani, kisha wakataniana kwamba bahari haijawahi kupanda mlima. Baba alikuwa bondeni, Kihurio, kwenye mpunga. Mama alishuka Same mjini kuuza tangawizi, akaniacha nimwangalie bibi, mama yake baba, ambaye alikuwa amevunjika nyonga na hakuweza kufika hata mlangoni bila kushikwa.

Upepo uliotufikia haukuwa mkali sana. Uliangusha migomba, ukang'oa bati moja la jikoni. Kumbe kimbunga kikiishiwa upepo bado kina maji. Mvua ilianza alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa sisikii hata sauti yangu mwenyewe. Ng'ambo ya korongo kipande cha mlima kiliachia, kikateremka na mahindi yake yakiwa bado yamesimama. Bibi aliuliza ni nini kile. Nikamwambia ni radi, kwa sababu niliogopa hata kukitaja.

Hakudanganyika. Akauliza kama kuna mtu amefungua ndiva, maana nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza chini ya ukingo. Nikamjibu zamu ni ya kina Mchome, na hawawezi kufungua. Nani anamwagilia wakati mvua inanyesha? Hilo lilikuwa kosa letu sote, wakubwa kwa wadogo. Kwetu ndiva ilifunguliwa kwa sababu ya mahindi. Mvua ikinyesha kila mtu alikaa kwake akashukuru Mungu, na kizibo kikabaki palepale.

"Nenda kafungue," bibi akasema. "Na kina Mchome nitaongea nao mimi."

Nikapanda. Njia yenyewe ilikuwa imegeuka mto, nikawa natambaa kwa mikono. Maji ya ndiva yalikuwa mekundu, yamebakiza kiganja kimoja kufika juu ya ukingo. Nilikishika kizibo. Halafu nikaogopa. Niliogopa maji, ndiyo, lakini zaidi niliogopa jina la mwizi, nikaogopa mbuzi wa baba, nikaogopa kusimamishwa mbele ya watu Jumapili baada ya ibada. Nikakiachia, nikakimbia kwa Mzee Elieneza kuomba ruhusa.

Nilimkuta jikoni akiota moto. Nikapiga goti kama tulivyofundishwa, nikasema shikamoo, nikasubiri marahaba. Ndipo nikaanza kueleza. Alisimama kabla sijamaliza.

"Ungefungua tu, mwanangu," alisema, akanipita mlangoni akikimbia, mzee ambaye sikuwahi kumwona akikimbia.

Tulikuwa nusu ya njia tuliposikia. Haukuwa mlio mkubwa; ulikuwa kama gunia la mahindi linalotuliwa sakafuni. Tulipofika, ukingo ulikuwa umekatika upande wa kwetu, na mahali pa nyumba palikuwa na matope yaliyolala sawasawa. Bibi alipatikana kesho yake mchana, chini kabisa, kwenye mibuni ya jirani.

Hakuna aliyenilaumu. Msibani wanawake walimwambia mama kwamba amelea mtoto mwenye adabu, asiyegusa cha mtu, na mama akaitikia kwa kichwa bila kuniangalia.

Bado naishi kijiji kilekile. Ndiva siku hizi ni ya saruji na ina lango la chuma. Mwaka huu simu zetu zimelia tena: kimbunga, pwani, tahadhari. Vijana wakarushiana vichekesho, mmoja akatushauri watu wa milimani tununue mitumbwi. Mimi mvua ilipoanza nilikaa mlangoni nikitazama upande wa ndiva, mwanamke mzima, nisiweze kunyanyuka. Binti yangu, ambaye shikamoo yake huitoa kama anayekohoa na macho hayabanduki kwenye simu, aliniangalia mara moja, akatoka bila kuaga. Alirudi ameloa chapachapa. Alikuwa amefungua lango, na hakuwa amemuuliza mtu zamu ni ya nani.

Mvua ilipokatika, mwenye zamu alikuja amefura. Maharage yake yote yamesombwa, na ndiva, alisema, haikuwa imejaa hata nusu. Ni mtu wa rika langu, tumeteleza naye kwenye magome ya migomba. Akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Enzi zetu mtoto gani angethubutu? Siku nyingine ningekuwa wa kwanza kumuunga mkono. Binti yangu alisimama kando yangu, akisubiri nimwambie aombe radhi.

Nilimwahidi jirani yangu mbegu nyingine za maharage. Kisha nikamwambia amesema kweli, enzi zetu mtoto hakuthubutu.