Atropini na Maji ya Newala

Siku yangu ya kwanza kazini, Masasi, Mfamasia wa Wilaya aliniuliza dawa inaponyaje. Nikaanza kumtiririshia ya chuoni. Akanikata: "Binti, acha kukariri! Inashika nini, na inashika kwa nguvu gani?" Mkali yule mzee, ila chai yake hakuwahi kuinywa peke yake.

Nanyi vijana, anzieni hapo. Mwilini dawa hukaa kwenye protini, mahali panapolingana na umbo lake. Vikishikana, nishati hutoka. Ikitoka nyingi, kuachana ni kazi. Lakini joto la mwili halitulii, linavitikisa muda wote, hatimaye dawa inachomoka na nafasi inabaki kwa atakayewahi. Kwa hiyo nguvu ya kushika haitoshi, lazima pia ujue ni wangapi wanaoigombea nafasi hiyo.

Baadaye nikahamishiwa Newala. Msimu wa kupulizia mikorosho, Mama Zuhura alituletea mumewe kwa pikipiki ya jirani. Jasho, mate, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano: sumu ya kuulia wadudu. Sumu hiyo hukamata protini inayofuta ujumbe wa neva ukishafika. Ujumbe hurundikana, mapafu yakajaa ute. Dawa yake, atropini, huikalia protini nyingine, ile ya kupokea ujumbe, ikauzuia usisikike.

Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali yetu, akaamuru sindano ya atropini. Mgonjwa akapumua vizuri, nikamshukuru Mungu. Haukupita muda akaanza kukoroma tena. Sindano nyingine, nafuu, kisha yaleyale.

"Mama mfamasia, dawa yako nzima kweli?" Mganga akafoka.

Nilikasirika, nisiwafiche. "Dawa nzima! Inazidiwa tu. Sumu bado inaingia, ujumbe unazidi kujaa, atropini ikichomoka hairudi mahali pake."

Inaingilia wapi? Nikainama kichwani kwa mgonjwa. Nywele zilinuka dawa ya mikorosho.

"Mama Zuhura, mwenzio alioga alipotoka shambani?"

"Hapana, mama. Nilimpangusa na kitambaa kikavu. Maji yalibaki ya kupikia watoto."

Kule Newala, juu mlimani, maji hufuatwa mbali, na kuoga husubiri. Ningemlaumuje? Sisi wenyewe tulimvua nguo tukamfuta tu, maana tenki la wodi lilikuwa kavu.

Mganga akatoka mbio hadi jikoni kwa ndugu wa wagonjwa. "Jamani, mtu anakufa. Naomba maji!"

Hakuna aliyeuliza ni mtu wa ukoo gani. Ndoo zikaja, hata ya kupikia uji wa mama aliyejifungua. Tukavaa glavu, tukamsugua kwa sabuni utosini hadi unyayoni. Tukaendelea na sindano, na safari hii nafuu ikadumu.

Sasa nimestaafu. Wafamasia wa leo wananionyesha kwenye kompyuta jinsi nishati ya kushikana inavyokokotolewa kabla dawa haijatengenezwa. Nawaonea wivu, kwa kweli. Nikishawasifu, huwasimulia habari za yule bwana, wajue anayelala kitandani ni nani.

Siku ile alipofumbua macho hakuuliza habari za dawa. Aliitazama sakafu iliyolowa, akahamaki: "Loo! Nani kamwaga maji yote haya? Ya nani?"

"Ya hawa wote," mkewe akamjibu huku analia. "Na hawajapika."