Mfunga kamba wa gati aliyembadili Shadya mkono

Saa moja kasorobo asubuhi, meli inaingia bandari ya Kigoma polepole, na Dismasi Ntahondi amesimama ukingoni mwa gati, suruali ameikunja hadi chini ya magoti. Mkono wake wa kulia umeshika kamba nyembamba ambayo mwisho wake una fundo la ukubwa wa chungwa.

Halitazami fundo. Anamtazama baharia anayesubiri juu sitahani. Mkono unapanda mbele ya uso wake, unapita juu ya kichwa, unashukia nyuma, unapita pajani, na ukifika usawa wa kitovu vidole vinafunguka. Kamba inajinyoosha juu ya maji na kutua kifuani kwa baharia, kama vile amekabidhiwa mkononi.

Hatua ishirini nyuma yake amesimama msichana mwenye ushungi mweupe na mkoba wa shule. Yeye haitazami meli. Anautazama ule mkono.

"Umeona?" Dismasi anauliza bila kugeuka.

"Nimeona, Mzee. Umeachia kitovuni."

"Ya meli ni kitovuni. Na ya mpira?"

"Pajani."

"Haya. Usije ukachanganya."

"Kocha!" anapiga kelele mmoja wa wenzake, huku wakivuta kamba nene kutoka majini. "Mkono wako wa kurushia tumeuona, sasa tuonyeshe wa kuvutia!"

Wanacheka wote, na Dismasi anacheka kuliko wao. Jina la kocha amelipata akiwa na miaka hamsini na miwili, katika mchezo ambao mpaka mwezi wa pili mwaka huu hakuwa ameuona hata mara moja.

Kazi anayoijua ni ya kamba. Amezaliwa Kalinzi, milimani, kwenye shamba la kahawa la baba yake, na alishuka ziwani akiwa kijana bila kujua kuogelea. Alikuwa baharia wa boti za mizigo kwa miaka kumi na moja. Kisha, kwa miaka kumi na miwili sasa, amekuwa kibarua wa gati anayefunga meli zikiingia na kuzifungua zikitoka. Kwa kawaida kamba ya kurushia hutoka melini, lakini mabaharia wengi wa ziwa hili wakifika Kigoma humwachia yeye, kwa sababu hakosi.

Hulipwa shilingi elfu tatu kwa kila chombo. Wiki yenye vyombo vitano, anasema mkewe Agnesi, "hata paka wetu anajua." Wiki yenye kimoja ni ya maharage na kumshukuru Mungu.

Meli aliyoifunga asubuhi hii itaondoka saa nne. Itabeba wakimbizi wa Kongo wanaorudi kwao, kama ambavyo meli zimekuwa zikifanya tangu safari hizo zianze mwishoni mwa mwaka jana. Ndani ya mkoba wa yule msichana, Shadya Mrisho, mwanafunzi wa kidato cha pili, mna mpira mmoja. Kati ya wanaoondoka yumo rafiki yake.

Softiboli iliingia Kigoma kwa mlango wa wakimbizi. Miaka ile kambi zilipojaa, dada mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo aliwafundisha wasichana wa kambini mchezo wa kwao, wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Siku za mapumziko aliwafundisha pia wasichana wa sekondari moja ya mjini. Alipomaliza muda wake aligawa vifaa nusu kwa nusu. Mjini zilibaki glavu tisa, magongo mawili, mipira minne na kijitabu chenye picha.

Tangu hapo, kila mwaka timu ya mjini na ya kambini hukutana mara moja. Mrushaji wa kambini alikuwa Mapendo, aliyevushwa ziwa akiwa na miaka sita. Wa mjini alikuwa Shadya, na tatizo lilianzia hapo.

Shadya alijifunzia kurusha kwenye rede, mchezo wa wasichana wa mtaani ambao wawili husimama huku na huku na kumlenga aliye katikati. Alikuwa hatari. "Mtaa mzima wa Mwanga hakuna aliyetaka kukaa katikati mimi nikiwa narusha," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. Lakini kwenye rede mkono hutokea begani. Kwenye softiboli lazima utokee chini, upite pajani.

Waliofundishwa na yule dada walikuwa wamekwisha kumaliza shule, na kijitabu hakikusaidia. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, na picha iliyokuwa kubwa kuliko zote ilimwonyesha mrushaji ameinua mkono juu kabisa. Mwalimu Yunisi Bihame, msimamizi wa timu, anakiri alivyoisoma. "Mimi nikaona mkono uko juu, nikasema basi, mpira unatokea juu! Kumbe pale mkono ulikuwa njiani tu, unazunguka. Nimefundisha kosa mwaka mzima, tena kwa kujiamini."

Mwaka jana, mechi ilipoanza, mwamuzi alikataa mipira kumi na mmoja ya Shadya mfululizo. Mjini hapakuwa na mrushaji mwingine. Mechi ikavunjika kabla jua halijawa kali, na watazamaji waliotembea kutoka mbali wakarudi makwao wakinung'unika. Shadya alifunika uso kwa glavu akalia humo ndani.

Kisha ikaja habari kwamba familia ya Mapendo imeandikishwa kurudi. Mechi ya mwaka huu ndiyo ingekuwa ya mwisho. Kama Shadya hangebadili mkono ndani ya wiki saba, isingekuwepo kabisa.

"Nilimwambia Mwalimu atafute mtu mwingine," anasema Shadya. "Mwalimu akasema, nitamtoa wapi? Huko ziwani?"

Ni kweli alitoka ziwani.

Timu hufanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya stesheni ya reli, pembeni ya uzio wa bandari. Jioni moja mpira uliruka uzio. Dismasi, aliyekuwa anakunja kamba zake, aliuokota na kuurudisha kwa namna pekee anayoijua ya kurudisha kitu: mkono ukapanda, ukazunguka, ukashuka, ukapita pajani.

Mwalimu Yunisi alidondosha kijitabu. "Baba!" aliita akikimbilia uzio. "Hebu rudia!"

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichofanya!"

"Nimefanya nini? Mpira si wenu? Nimewarudishia!"

Walimrushia mpira tena auokote. Akaurudisha vilevile. Siku iliyofuata, akitoka kazini saa kumi, alikuwa uwanjani na kamba fupi mkononi, yenye fundo mwishoni.

Mwanafunzi mwenye haya na mwalimu asiyejua mchezo walianza vibaya. Shadya alizungusha mkono vizuri tangu siku ya pili, lakini mipira ikawa inapaa juu ya kichwa cha mdakaji kama kunguru aliyefukuzwa. Siku tisa nzima ilipaa. Dismasi alimsahihisha miguu, kiuno na hata pumzi. Hakuna kilichobadilika.

Siku ya kumi akarusha mwenyewe, taratibu, huku akijitazama. Wake nao ukapaa.

"Nikajua mwenye kosa ni mimi," anasema. "Ukingo wa meli uko juu. Kamba lazima uiachie ikiwa inapanda, la sivyo inaanguka majini. Nilikuwa namfundisha mtoto wa watu kurusha mpira kwa mtu aliyesimama melini."

Kuanzia hapo likawa neno moja: pajani. Aliweka ndoo chini mbele ya mdakaji, akamwambia Shadya ailenge. Kamba fupi alimpa aende nayo nyumbani, aizungushe mara mia asubuhi na mara mia jioni bila kuiachia.

Kamba hiyo ndiyo iliyomleta mama yake.

Mwamini, mama wa Shadya, ni mzaliwa wa Ujiji na fundi cherehani soko la Mwanga. Aliiona kamba nyumbani, akauliza, akaambiwa kwamba binti yake anafundishwa na mwanamume wa bandarini. Akafunga cherehani mapema, akaja.

"Shikamoo sikuitoa, hatupishani sana kwa umri," anakumbuka akicheka. "Nilimwambia, baba, huyu nimempeleka shule. Kama mnataka mfunga meli, semeni nijue."

Dismasi hakubishana. Alimwomba akae atazame. Mwamini akapindua ndoo nyingine, akaikalia, na tangu siku hiyo hakukosa zoezi hata moja. Alikuja na vifungo vya kushona, na ndiye aliyekuwa akihesabu mipira kwa sauti.

Ndiye pia aliyeona ambacho mfunga kamba hakukiona. Mkono wa Shadya ulipokaribia paja ulikwepa, ukaenda pembeni kidogo. Dismasi alidhani ni woga. Mwamini alitazama kwa jicho la kazi yake. "Ni sketi," alisema. "Marinda yanamjaa mkononi. Hata mimi ningekwepa."

Usiku ule alifumua sketi ya mazoezi, akapunguza marinda yote ya upande wa kulia, akashonea suruali ndani yake. Kesho yake mpira ulipita pajani kwa Shadya, ukaenda mita kumi na mbili bila kupinda, ukagonga glavu ya mdakaji kwa mlio ambao wote waliokuwepo bado wanauiga kwa midomo.

"Pah!" anasema Dismasi.

"Siyo pah," anasema Mwamini. "Ilikuwa paa! Ndefu kidogo."

Mechi ilikuwa Jumamosi iliyopita. Dismasi aliomba ruhusa ya nusu siku, akavaa shati lake la kanisani, na akasimama nyuma ya mdakaji, mahali ambapo Shadya angemwona.

Mpira wa kwanza wa Shadya ulipita mbali pembeni. Wa pili ukadunda. Kutoka upande wa watazamaji mtu akapiga kelele, "Rudia rede, dada! Ndiyo yako!" Mkono wa Shadya ukapanda ukasimama begani, pale ulipozoea.

Dismasi alijipiga paja, kofi moja. Na kutoka kwenye ndoo yake Mwamini naye akajipiga la kwake.

Mkono ukashuka. Wa tatu ukapita katikati. Mwamuzi akainua kidole: halali.

Kuanzia hapo hakuna hata mpira mmoja wa Shadya uliokataliwa. Walifika mwisho wa mchezo, timu ya mjini ikiongoza saba kwa sita. Timu ya kambini ilikuwa na mchezaji mmoja kituoni akisubiri kukimbia, wawili wamekwisha kutolewa, na aliyeshika gongo alikuwa Mapendo. Alikosa mara moja. Alikosa mara ya pili. Akikosa ya tatu, mjini wameshinda.

Shadya alizungusha mkono, akaachia pajani, mpira mzuri kuliko yote ya siku ile. Mapendo akaupiga, ukavuka vichwa vya wote na kuingia kwenye mabanda ya wauza mihogo. Yeye na mwenzake wa kituoni wakakimbia hadi kituo cha mwisho, pointi mbili. Nane kwa saba, kambini.

Kilichofuata kiliwashangaza watazamaji. Mwenye kushinda alimkimbilia aliyeshindwa, akamshika mkono wa kulia, akawa anaugeuza-geuza kama anayekagua kitu sokoni.

"Shadya! Ni nani alikufundishaka ivi?" aliuliza Mapendo. "Sasa iko muzuri sana!"

Shadya akanyoosha kidole kwa mzee mwenye shati jeupe, ambaye alikuwa anapepesa macho na kusingizia vumbi.

Ukimuuliza Dismasi kama hakuumia kupoteza mechi, anashangaa. "Kupoteza wapi? Mwaka jana hakuna aliyeupiga mpira wake, kwa sababu haukuhesabika. Mwaka huu umepigwa. Hayo siyo maendeleo?"

Sasa inakaribia saa nne. Mabasi yaliyotoka kambini yamekwisha kushusha watu, na ukingo wa meli umejaa magodoro, sufuria, kuku na watoto. Mwalimu Yunisi amefika akihema. Mwamini amekuja na kifurushi cha maandazi ambacho kimekwisha kupelekwa melini. Mapendo anaonekana juu, kati ya nguzo mbili, akipunga mikono yote miwili.

Honi inalia. Dismasi anaivua kamba nene kutoka kwenye nguzo ya chuma, inaanguka majini, na kati ya gati na meli unafunguka mstari mwembamba wa maji ya kijani.

Shadya anafungua mkoba.

"Shadya!" anashtuka Mwalimu Yunisi. "Mwanangu, mipira tunayo minne tu!"

"Mitatu, Mwalimu."

Anasogea ukingoni. Mstari wa maji unazidi kupanuka. Kule juu Mapendo ameweka mikono pamoja. Shadya anautazama ukingo wa meli, ulio juu kuliko kichwa chake, kisha anamgeukia mfunga kamba.

"Mzee. Huu wa pajani?"

"Hapana, binti yangu," anasema Dismasi. "Huu ni wa meli. Kitovuni."

Mkono unapanda, unazunguka, unashuka, unapita paja. Vidole vinafunguka usawa wa kitovu. Mpira unapaa, kupaa kulekule kulikowatesa siku tisa, unavuka maji, unavuka ukingo, na unatua katika mikono ya Mapendo. Meli nzima inapiga kelele. Hata mabaharia wanapiga kelele.

"Nitaunda timu!" sauti ya Mapendo inasikika kwa mbali. "Mukuje! Mukuje tucheze!"

Hata kabla ya mwaliko huo, Dismasi alikwisha kuanza kujiandaa. Nyumbani kwake ameshafunga kamba fupi sita zaidi, kwa ajili ya wasichana wadogo wa kidato cha kwanza ambao anataka waanze na mkono sahihi. Mwamini ameahidi sketi. Mwalimu Yunisi ameandika barua kuomba timu ipate nafasi melini mwakani, meli ikiwa inakwenda kuchukua mizigo upande wa pili.

Dismasi ana ombi moja tu kuhusu safari hiyo. Anakunja kamba yake duara kwa duara, huku meli ikizidi kuwa ndogo.

"Miaka kumi na miwili nafungulia watu meli waende," anasema. "Siku hiyo nataka niwe kule juu na hawa wasichana. Kamba afungue mwingine."