Leseni ya Mguu

Wote waliojifunza gari kwake walimwita Breki, na jina hilo alilipata kihalali. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na kwa miaka mingi mguu wake wa kulia ulikuwa umewaokoa paka, kuta, vibanda vya mboga na bibi mmoja mkali ambaye hata asante hakusema.

Tabu ni kwamba mguu huo haukujua saa za kazi. Breki yuko mezani anakula, anaona dirishani mtoto wa jirani anakimbilia barabarani, mguu unapiga sakafu, mchuzi unaruka. Gari likikata kona kwenye televisheni, mguu huo! Mkewe aliwahi kupigwa breki hata usingizini.

"Umekanyaga nini tena, baba watoto?"

"Si mimi. Ni mguu."

"Kwani huo mguu ni wa nani?"

"Ni wangu, ndiyo. Lakini sikuutuma."

Na hapo alikuwa na hoja yake tayari. Aliipata kwa mwanafunzi wake mmoja, mchungaji mstaafu aliyeamua kujifunza gari uzeeni. Mchungaji alimwambia kwamba roho ndiyo dereva na mwili ndio gari. Breki aliyapenda maneno hayo mno, akawa anayarudia nyumbani kana kwamba yametoka kichwani mwake. Mkewe, ambaye wateja walimwita Mama Miche kwa sababu ya bustani ya miche aliyoitunza nyuma ya nyumba, alimsikiliza mikono ikiwa kwenye udongo.

"Basi dereva wako anakula mshahara wa bure," alisema. "Yeye anasinzia, gari linajiendesha."

Sasa Mama Miche naye akataka leseni. Marehemu baba yake alikuwa amemwachia pikapu, nayo ilikuwa inaota kutu uani huku kuku wakitaga kwenye kiti. Kila mteja alipoagiza miche, ilibidi isubiri mpaka Breki afunge kazi, na nyanya changa hazijui kusubiri. Zilifika kwa wenyewe zimelegea shingo, na lawama zikamwangukia yeye. Aliutaka ule usukani kwa moyo wake wote, na aliyemjua Mama Miche alijua kwamba akitaka kitu hapati usingizi.

Breki alimfundisha mwenyewe, na masomo yakaenda vizuri hata yakamtia kiburi. Mkewe alibadili gia bila kelele. Alikata kona vizuri. Akigusa breki, gari lilisimama taratibu, hata mtoto aliyelala asingeamka.

"Unaweza kabisa," Breki alimwambia. "Nakuamini, mke wangu. Nakuamini mia kwa mia."

Siku ya mtihani, kwenye gari la watahini lenye breki moja tu, Mama Miche aliupita mstari wa kusimama akagonga pipa. Alirudi kwa mtihani wa mara ya pili, akaligonga pipa lile lile. Mtahini, mama mpole, alimuuliza kama anajua breki ilipo. Alijua! Angeweza kumchorea. Alirudi nyumbani akajificha katikati ya miche yake, akalia.

"Kichwa changu kinajua kila kitu," alimwambia mumewe alipomfuata huko. "Sasa ni nani humu ndani asiyejua?"

Jumamosi iliyofuata Breki aliwafukuza kuku, akaipangusa pikapu, wakaenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira. Mchungaji alikuwepo pia, maana huyo hakuachwa nyuma penye gari, akajibana katikati yao. Mama Miche alishika usukani, akaondoka vizuri, akapanda gia. Walipokaribia goli Breki akamwambia asimame.

Aligusa breki kwa upole, kama alivyozoea. Pikapu ikaendelea na safari zake. Mguu wa Breki ukashuka kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa upande wake hapakuwa na breki, ulikutana na sakafu iliyoliwa na kutu, ukatokeza upande wa pili. Pikapu ikapita katikati ya milingoti na kusimama imejifunika wavu gubigubi.

"Goli!" akapiga kelele mchungaji, umri wote ukamtoka kichwani.

Walicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha Mama Miche aliutazama mguu wake mwenyewe, akautazama wa mumewe uliokwama kwenye tundu.

"Hebu niambie ukweli. Kwenye gari lako, mimi nimewahi kulisimamisha?"

Breki akaanza kuuvuta mguu.

"Nilikuwa nagusa tu, linasimama," mkewe akaendelea. "Nikadhani ndivyo breki zilivyo. Kumbe mimi naigusa, wewe unaikanyaga!"

"Si mimi, mama. Ni mgu..."

"Mguu! Mdomo wako kila siku unaniambia unaniamini. Mguu haujaniamini hata siku moja. Nimsikilize nani kati yenu?"

Maneno hayo yalimchoma Breki, maana hakuwa amemdanganya. Alipoyasema aliyasema kwa moyo safi, akijiona mume mzuri kweli kweli. Alihangaika kuuchomoa mguu wake huku uso umemshuka, na mchungaji akajitia anauchunguza wavu.

Dawa aliivumbua Mama Miche mwenyewe. Tundu la pikapu likazibwa kwa bati, na kila walipotoka nayo alimpakatisha mumewe trei ya miche ya nyanya. Akipiga sakafu tu, trei inapinduka. Siku za mwanzo Breki alirudi nyumbani ana udongo mpaka masikioni, na mchungaji, aliyekaa katikati, hakusalimika. Lakini mguu wa Mama Miche ulianza kujifunza. Ulijifunza uzito wa breki, ukajua pa kuanza kukaza na pa kulegeza, wala hakuna aliyeuelekeza. Mchungaji alitangaza kwamba sasa haoni tena dereva ni yupi na gari ni lipi. Akaambiwa ashike trei upande wake.

Kwenye mtihani wa mara ya tatu Breki alikatazwa kwenda. Aliachwa amwagilie bustani, akaimwagilia mpaka ikawa tope. Mkewe aliporudi na kumwonyesha kidole gumba kutoka getini, alirusha ndoo juu, akamkumbatia vile vile alivyolowa.

"Umepata leseni!"

"Ya serikali nimepata," akasema Mama Miche akicheka. "Nasubiri ya mguu wako."

Wiki ile walipeleka miche kwa mteja aliyekuwa ng'ambo ya soko. Mama Miche aliendesha, Breki amepakata trei moja iliyokosa nafasi nyuma. Walikuwa wakipita kwenye maduka wakati mtu wa baiskeli, amebeba kreti la mikate, alipochomoka kichochoroni akawakatia mbele. Mama Miche akakanyaga. Pikapu ikainamisha pua na kusimama. Mtu wa mikate akapunga mkono wa samahani, akaenda zake.

Miche kwenye trei iliinama pamoja, ikainuka pamoja. Breki aliitazama, kisha akatazama chini. Mguu wake ulikuwa umelala pale pale ulipokuwa tangu watoke nyumbani, kisigino sakafuni, hauna habari. Moyo ulikuwa unamdunda, jasho jembamba linamtoka.

"Mama watoto," akaita polepole. "Angalia mguu."

Mama Miche akaangalia. Machozi yakamlenga, naye hakuyaficha. Gari la nyuma likapiga honi.

"Mimi nilishajiona nimekufa," Breki akakiri. "Haki ya Mungu, niliogopa. Lakini mguu, yeye wala hakushtuka."

"Basi mfuate yeye," akasema mkewe, akaingiza gia.