Sahihi Niliyoiweka Kabla ya Kuona Shimo

Nilitumwa Morogoro na akina mama wenzangu wa soko la Gairo, kwa sababu ya kiwanja chetu cha kuanikia karanga. Miaka hiyo ya soko huria kila kitu kilikuwa kikipata mwenyewe mpya. Siku moja akaja mkandarasi wa taka na karatasi zake: tumwachie kiwanja, achimbe shimo la kuozeshea taka, tupate gesi ya kupikia. Mtambo wake wa gesi ulikuwa unafanya kazi Morogoro, alisema, twende tukauone. Nikachaguliwa mimi kwa kuwa nasoma vizuri.

Asubuhi ya Jumanne nilipanda basi, na saa nne nikashuka Msamvu, stendi ya Morogoro. Mifuko ya plastiki, ile ya rambo, ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kila ua na kila mtaro. Zamani tulikwenda sokoni na vikapu. Walioileta mifuko walijua pa kuiuza, pa kuitupa hawakumwambia mtu.

Ofisi ya mkandarasi ilikuwa nyuma ya soko. Karani alinipa soda, na kabla sijaimaliza akanisogezea kitabu cha wageni. Kwetu mgeni haachi nafasi ya maoni ikiwa tupu. Ni utovu wa adabu. Nikaandika: "Mtambo ni mzuri sana, nimejifunza mengi." Nikatia jina na sahihi. Mtambo wenyewe nilikuwa sijauona.

Kisha akanipeleka kwenye kibanda, akawasha jiko. Moto ukatoka wa bluu, safi, bila moshi, nami nikafurahi kweli. Nilipoomba kuliona shimo akasema fundi ameondoka na ufunguo.

Adhuhuri nilizunguka nyuma kutafuta choo, nikalikuta shimo lenyewe. Lilikuwa kavu, limejaa rambo na chupa. Nikalifuata bomba la jiko mpaka kwenye gunia, nikalifunua gunia. Chini yake kulikuwa na mtungi wa gesi wa dukani.

Hatua chache kutoka pale, bibi mmoja wa Kiluguru alikuwa akiokota maganda ya ndizi na kuyatia kwenye tenga. Nikamwamkia shikamoo. Aliitwa Bibi Mwanahawa, muuza mboga kutoka mlimani. Akanieleza kwamba shimo lile zamani lilikuwa hai. Wao wauzaji walitenga maganda, wakayatia humo, gesi ikapika chai ya soko zima, na tope lake wakalipandisha mlimani kuwa mbolea ya makonde yao. Mkandarasi alipokabidhiwa kazi ya taka za soko, lori lake likamwaga humo kila kitu pamoja na rambo. Shimo lilipokufa, wao ndio waliofukuzwa.

"Konde ni la mama yangu, na la mama yake," alisema. "Sasa kabichi zimedumaa. Na mie, mwanangu, nafukuzwa kwenye maganda ya ndizi zangu mwenyewe."

Nilirudi ofisini, nikaomba kitabu nifute maneno yangu. Karani akasema kitabu cha wageni hakifutwi. Nikapekua kurasa za nyuma: hongereni, mtambo mzuri, tumejifunza mengi. Wote walikalia kiti kilekile, wakanywa soda ileile. Alininyang'anya kitabu kabla sijapata kalamu.

Kesho yake Gairo, mkutanoni, mkandarasi alikuwa amenitangulia kwa gari lake. Akatoa kitabu cha wageni, akasoma maneno yangu kwa sauti na akina mama wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasimama.

"Mwandiko ni wangu," nikasema. "Niliandika nikiwa na soda mkononi. Shimo nililiona baadaye, na limekufa."

Nikawaeleza yote, mtungi na Bibi Mwanahawa. Yule bwana akatabasamu, akasema wageni wengine huchoka na safari. Mwenyekiti wetu akamrudishia karatasi zake bila sahihi, na kalamu yake juu.

Siku hizi maganda tunayatenga na rambo, tukijifunza kuchimba shimo letu dogo pembeni, kwa majembe yetu. Karanga bado zinaanikwa palepale. Lakini kitabu kile kimerudi Morogoro, na kila mgeni akipewa soda hulikuta jina langu likilisifia shimo lililokufa.