Kimya Bila Mabano

Ofisini walimwita Mabano. Jina hilo alipewa na waigizaji, wala hawakumpa kwa ubaya. Katika muswada wa tamthilia, maneno ambayo mwigizaji anapaswa kuyatamka huandikwa wazi mbele ya jina la mhusika, na yale anayopaswa kuyatenda huwekwa ndani ya mabano: (anainuka), (anafuta machozi), (anamtazama mkewe bila kumwona). Waandishi wengine waliweka mabano mawili matatu kwa ukurasa. Yeye aliyamwaga kama njugu.

"Dada, leo umenipa maneno manne na mabano ukurasa mzima," mwigizaji mmoja alimwambia. "Nikiyafuata yote nitaomba mkono wa tatu."

Alicheka pamoja nao. Kisha kipindi kiliporushwa aliketi mbele ya televisheni akaona hakuna bano hata moja lililofuatwa. Watu walisimama wima, wakatoleana maneno, wakaondoka.

Kampuni ya filamu iliyomwajiri ilipanga nyumba ya familia iliyogeuzwa ofisi. Waandishi waliwekwa jikoni. Sinki lilikuwa bado lipo, nyaya za kompyuta zimepita juu yake, na bomba lake lilidondosha matone hata lilipofungwa kwa kamba. Hapo ndipo alipoandika, mwaka baada ya mwaka, tamthilia ya mama mkwe mwenye roho mbaya, huku jina lake likipita mwishoni mwa kipindi kwa kasi ambayo hata yeye mwenyewe hakuweza kulisoma.

"Yule mama mkwe wenu hafi tu?" shangazi yake alimuuliza kila walipoonana. "Sumu kanywa, ghorofani kaanguka, na jana moto umempitia."

"Hafi, shangazi. Ana mkataba."

Lakini hakusomea kazi hii kwa ajili ya mama mkwe. Alikuwa na hadithi moja tu aliyotaka watu waione, na hasa mtu mmoja. Mtu huyo ni baba yake.

Baba yake ni fundi makochi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye vumbi la sponji na viti vilivyolala chali miguu juu kama mende waliopuliziwa dawa. Alipogongomea kitambaa aliihifadhi misumari midogo mdomoni, akiitoa mmojammoja kwa ulimi, mkono mmoja ukishika kitambaa na mwingine nyundo. Kwa hiyo hakuwa msemaji. Ukimuuliza jambo alikujibu kwa nyusi. Wateja walizoea, hata wengine walipatana naye bei kwa kumtazama usoni.

Siku mama alipofariki, binti alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Shangazi alibaki hospitali akamtuma nyumbani kupeleka habari. Alisimama mlangoni pa karakana akiwa na sare za shule, akasema, "Baba, mama ametutoka." Baba hakulia wala hakuuliza. Aliitema misumari kiganjani, akaipanga juu ya meza mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kana kwamba kila mmoja ulikuwa na mahali pake. Akakisimamisha kiti alichokuwa akikitengeneza, kiti ambacho nusu yake ilikuwa bado haijavikwa kitambaa. Akakipangusa kwa mkono wa shati na kumsogezea. Binti alipoketi, baba naye aliketi sakafuni, akaegemea mguu wa kile kiti. Wakakaa hivyo mpaka waombolezaji walipoanza kuingia. Hakuna aliyesema neno, na katika maisha yake yote binti hajawahi kubembelezwa zaidi ya alivyobembelezwa saa ile.

Hawakuizungumzia siku hiyo tena. Yeye aliamini hapakuwa na haja. Aliamini kwamba wote wawili wameihifadhi, kila mtu upande wake, kama funguo mbili za mlango mmoja. Kilichobaki ni kumwonyesha baba kwamba alimwona. Akaiandika filamu, akaipa jina Kiti. Aliiandika upya mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka, na katika kila nakala tukio lile halikubadilika. Binti anatoa habari. Halafu linafuata jina BABA, na mbele yake, ndani ya mabano, neno moja: kimya.

Mwongozaji, ambaye ndiye pia mwenye kampuni, hatimaye aliikubali. Alimwita ofisini kwake, chumba kilichokuwa cha kulala, bado kina kabati la nguo ukutani.

"Nimeipenda," alisema. "Tatizo ni moja. Tukio kubwa kuliko yote, na baba mtu hana hata neno."

"Kimya ndicho neno lake."

"Umekifungia kwenye mabano."

"Ndiyo."

"Sasa mabano nani anayasoma, Mabano?" Alitabasamu, akafurahia utani wake. "Sikiliza. Tumempata Ngurumo acheze baba."

Ngurumo alikuwa mwigizaji aliyepewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Akikohoa barabarani watu waligeuka. Filamu yenye Ngurumo haikukosa watazamaji, na mwandishi aliyemwandikia Ngurumo hakurudi tena kwa mama mkwe.

"Ngurumo hasomi mabano," mwongozaji aliendelea. "Anapaka rangi mistari yake, mingine ni kama haipo. Ukitaka kitu kifanyike, kitoe kwenye mabano kiwe mstari wake."

Aliufikiria ushauri ule Jumapili nzima, akauona una haki. Kimya cha baba yake hakikuwa pambo la kuwekwa pembeni. Kilikuwa usemi kamili. Alifuta alama zile mbili ndogo. Mstari ukabaki wazi: BABA: Kimya. Aliutazama akaona kwamba kwa mara ya kwanza ameandika kitu kisichoweza kurukwa.

Siku za kupiga picha hakwenda. Kampuni haikuwaita waandishi. "Mwandishi kwenye seti ni kama mama mzazi kwenye chumba cha upasuaji," mwongozaji alizoea kusema. "Kila tukigusa, analia."

Filamu ilipokamilika alikwenda karakana kumwalika baba yake. Mzee alikuwa ameinamia kochi la mteja, mdomo umejaa.

"Baba, wataionyesha Jumamosi mchana. Utakuja?"

Baba alipandisha nyusi kumaanisha ndiyo. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Akatema misumari.

"Ni siku ile?" aliuliza.

"Ni siku ile, baba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akairudisha misumari mdomoni.

Jumamosi ilipofika mzee alivaa koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni. Aliketi kati ya dada yake na binti yake. Taa zilipozimwa binti hakuitazama skrini sana, alimtazama baba. Alimwona akitambua karakana, akitambua nyundo, akiinama mbele kidogo msichana mwenye sare za shule aliposimama mlangoni na kusema, "Baba, mama ametutoka."

Mdomoni mwa Ngurumo hamkuwa na misumari. Misumari ilikuwa imeandikwa kwenye mabano. Ngurumo aliinuka polepole, akaivuta pumzi, akapiga nyundo juu ya meza.

"Kimya."

Neno lilianguka kama jiwe kisimani. Msichana wa kwenye skrini alirudi nyuma mpaka ukutani akajikunyata. Ukumbi ulishtuka, ukavuta pumzi kwa pamoja, kisha watu wakaanza kupiga makofi, wengine wakasimama. Binti alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa ameacha kutazama. Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, imelala mapajani.

Nje ya ukumbi, mwongozaji alimshika mabega. "Umeona walivyosimama?"

"Halikuwa neno la kusema," alijibu. "Lilikuwa kimya. Nilitaka anyamaze."

"Si ndivyo alivyomwambia? Anyamaze."

"Si binti. Baba. Baba ndiye anyamaze."

Mwongozaji alifikiri, halafu taratibu akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ngurumo katupa mshindo wenyewe, dada. Usiuharibu kwa kuueleza."

Neno likatoka ukumbini likaingia mitaani. Walimu walilitumia darasani, wachuuzi walilitumia kwa wateja wabishi, wake waliwatania nalo waume. Gazeti moja lilimsifu mwandishi kijana aliyethubutu kumwanika baba mkatili ndani ya nyumba yake. Jina lake safari hii liliandikwa kwa herufi kubwa, likasomeka. Kila alichokuwa akikiomba jikoni pale kilikuja, ila kilipita juu ya mgongo wa baba yake. Watoto wa mtaa waliposikia kwamba fundi wa filamu ndiye huyu wa kwao, walipita mbele ya karakana, wakasema "Kimya" kwa sauti nzito, wakakimbia.

Shangazi alimjia ofisini bila taarifa, akaketi kando ya sinki.

"Kaka yangu namjua tangu anatambaa," alisema. "Hajawahi kumfokea hata kuku. Ulikuwa na kisasi gani naye?"

"Shangazi, ni makosa ya mabano."

"Mabano ndiyo nini?"

Akamweleza, akamchorea kwenye karatasi, ilivyokuwa na ilivyokuja kuwa. Shangazi aliigeuza ile karatasi akaitazama pande zote mbili.

"Kwa hiyo wengine huwatukana baba zao kwa kusema, wewe umemtukana wako kwa kufuta."

Akaichukua ile karatasi, akaikunja.

"Mchuma janga hula na wa kwao," shangazi alisema, akainuka. "Nenda kamweleze mwenyewe. Mimi nimejaribu, nimeshindwa."

Alikwenda alasiri, akiwa na muswada mkobani. Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa nusu, kwa sababu ya watoto. Baba alikuwa ameshika mkasi, lakini hakuwa anakata kitu.

"Mwanangu," alianza yeye kabla ya salamu kuisha, "siku ile nilikwambia kimya?"

"Hapana, baba. Hukusema chochote."

"Mimi siikumbuki. Nakuona umesimama pale mlangoni na sare zako. Halafu naona watu wamejaa ndani. Katikati hapo hamna kitu."

Miaka yote hiyo alidhani wanaihifadhi wawili. Akaanza kumsimulia: misumari mezani, kiti kilichovikwa nusu, mkono wa shati, sakafu. Alisimulia vizuri, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mzee alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

"Hiyo ni nzuri," alisema mwishoni. "Kutunga unajua."

"Situngi, baba. Ndivyo ilivyokuwa."

"Ile ya filamu uliiandika kwanza. Hii unaniambia leo, baada ya kuniona nimeumia."

Hapo ndipo alipotoa muswada mkobani. Alitaka kumwonyesha kwamba si yeye aliyemwekea baba ukali ule. Alifungua ukurasa, na vidole vyake vilipofika kwenye mstari wenyewe alitambua amefanya nini, lakini baba alikuwa ameshavaa miwani. Mzee aliweka kidole chini ya neno, akalisoma kwa sauti ya chini.

"Baba. Kimya." Akanyanyua macho. "Si hili hapa? Umeliandika mwenyewe."

Alimweleza tena habari za mabano, yanavyofanya kazi, kwa nini aliyaondoa. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yake yalivyozidi kufanana na ya mtu anayesingizia. Baba alimwacha amalize. Kisha akaukunja muswada, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyekuwepo," alisema. "Mimi sikuwepo, ingawa nilikuwepo. Nisamehe, mama. Nadhani nilikosa la kufanya."

Akamsamehe. Angefanya nini kingine? Alimsamehe baba yake kosa ambalo baba hakulitenda, na kwa kufanya hivyo akalitia muhuri.

Sasa anaandika tamthilia mpya, ya Ngurumo, na mkataba unataka lile neno lisikike katika kila kipindi. Analiandika kwenye jiko lilelile, bomba likidondosha matone, mbele ya jina BABA, bila mabano. Mabano ameacha kuyatumia kabisa, na waigizaji wapya hawajui kwamba aliwahi kuitwa hivyo.

Jumapili humtembelea baba yake. Mzee amenunua kopo la kuwekea misumari, haiweki tena mdomoni. Binti akiingia tu huacha nyundo, humvutia kiti, na huanza kuzungumza: mvua, bei ya sponji, mbuzi wa jirani aliyekula mto wa mteja. Si mazungumzo anayoyaweza. Hutafuta maneno kama anayepapasa swichi gizani, na yakimwishia huonekana usoni pake hofu ya mtu anayesikia nyumba ikianza kutulia.

"Umekula?" humuuliza.

"Nimekula, baba."

"Na kazi?"

"Inakwenda."

"Sema, mama," baba humwambia upesi. "Sema tu. Nakusikiliza."

Naye huketi kwenye kile kiti akitafuta kitu cha kusema, chochote, ili mzee asiogope.