Hakuna Chai Kabla ya Majina

Night Keji hakujaliwa sauti ya kuimba kanisani. Yake ilikuwa sauti kavu ya kuitia watu, yenye kufika mbali, na kila asubuhi saa moja kasorobo, nyuma ya karakana moja ya kuchomelea vyuma pale Gurei, iliita majina ishirini na matatu. Wenye majina hayo walikuwa askari zamani. Walikaa chini ya rakuba yake, kibanda cha miti na turubai alichouzia chai, na kila aliyeitwa alijibu, "Iko." Night akatia alama kwenye daftari. Majina yakiisha, ndipo birika linainuliwa.

Asipoitika mmoja, chai haimiminwi. Wawili huondoka wakaenda mpaka mlangoni kwa mwenzao, wakamwona kwa macho yao, si kwa kuambiwa na jirani, kisha wakarudi na habari: ana malaria, amelewa, amevuka daraja kwenda Gumbo kumzika shemeji. Waliobaki husubiri huku tangawizi ikiwanukia puani. Walikuwepo walionung'unika, na Night aliwajibu kwamba anayetaka chai bila kuitwa jina, Juba imejaa wauza chai.

Sheria hiyo hakuipata kwenye semina. Alizaliwa Kajo-Keji, akakulia kambini Uganda, akarudi msituni na bunduki akiwa na miaka kumi na tisa. Kwa kuwa alijua kuandika, wakampa daftari la kombania, na kwa miaka kumi na minne kazi yake ikawa kuita majina, asubuhi na jioni, hata siku ambazo wa kuitika walikuwa nusu ya wale wa jana yake. Siku ya kuachishwa jeshi alipewa karatasi na mkono wa kheri. Mumewe, Robert, aliachishwa mwaka uleule.

Robert hakuwa mlevi wala mgomvi. Alikaa tu. Alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba yao ya Hai Mauna kwa miaka miwili, na siku moja, Night akiwa sokoni, akajiua. Katekista alikataza ngoma za maziko kwa mtu aliyejiua. Walimzika upesi upesi, kama watu wanaoficha aibu ya ukoo, na Night hajawasamehe mpaka leo.

Kaburini walikuja watano wa kombania yao ya zamani. Mmoja wao alikuwa Jacob Lado, aliyekuwa dereva wa lori la jeshi, mtu mpole, asiye na mke wala mtoto. Alilitazama lile kaburi kama mtu aliyechoka anavyotazama kitanda. Night aliyaona macho hayo, na hofu iliyompata ilikuwa kubwa kuliko huzuni yake. Akamfuata papo hapo, bado ana udongo mikononi.

"Jacob, kesho saa moja weye nakuja kunywa chai kwangu. Mimi naita jina yako."

"Kwa nini naita jina? Vita ilisha."

"Weye kuja tu."

Aliamini jambo moja, na hakuna daktari aliyewahi kumwondolea imani hiyo: mtu aliyehesabiwa kila siku kwa miaka ishirini, ukiacha ghafla kumhesabu, mwisho ataanza kushuku kwamba hayupo. Jina la Jacob likawa la kwanza kwenye daftari. Likafuata la Gune, fundi viatu, rafiki yake Jacob tangu wote wawili walipokuwa hawajaota ndevu, kisha la Albino, ambaye sasa alilinda ghala la Wasomali, na mengine yakajipanga chini yake. Watu wa miradi walikuja mara moja wakagawa fulana na kupiga picha, kisha hawakuonekana tena. Daftari likaendelea. Kwa miaka sita hakuna hata mmoja wa wale ishirini na watatu aliyekufa kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini mazoea yana taabu. Jeshini chakula kiligawanywa kwa idadi ya walioitika. Askari akitoroka siku mbili kwenda kumwona mkewe, rafiki yake humwitikia kwa sauti aliyoibana kidogo, ili fungu lake lisipotee na mgongo wake usichapwe. Huo haukuitwa uongo. Ulikuwa upendo, tena wa watu wenye njaa. Karani wao, Night, alizijua sauti zote. Akasikia, akatia alama, akanyamaza, na kwa hilo walimpenda sana.

Ikafika asubuhi moja ya mwezi wa nane, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Turubai lilivuja, moto ulifuka moshi, na watu walikuwa wamejikunyata pamoja nyuma kabisa, kila mmoja akiwaza kazi aliyochelewa.

"Jacob Lado."

Kimya kidogo. Kisha, kutoka nyuma ya migongo, "Iko."

Sauti ilikuwa ya Gune. Alidhani Jacob amelala kwa sababu ya mvua, maana nani asingelala, na hakuona haja ya watu wawili kuloa mpaka mifupani kwa ajili ya usingizi wa rafiki yake. Night aliinua macho. Aliijua sauti ile kama alivyojua mlio wa mlango wa nyumba yake. Tone la maji likaanguka juu ya daftari, wino ukaanza kutambaa. Akatia alama, akaita jina lililofuata, na chai ikamiminwa mapema siku hiyo.

Saa nne Caroline, jirani yake Jacob, alikuja mbio bila viatu. Jacob alikuwa amejiua. Caroline hakuweza kusema mengi, ila alirudia neno moja kila alipopata pumzi, na Night alitamani asingelisema kamwe. Asubuhi ile Caroline alikuwa amemwona Jacob. Tangu saa moja mpaka karibu saa mbili Jacob alikuwa amesimama mlangoni kwake, amevaa viatu, akiitazama njia kwenye mvua kama mtu anayengoja wageni.

Jacob aliijua sheria. Alijua kwamba asipoitika, wawili wangekuja.

Safari hii Night alikwenda mwenyewe kwa katekista na kumwambia kwamba ngoma zitapigwa, kwa ruhusa yake au bila ruhusa yake, na zilipigwa. Kabla udongo haujajaa kaburini Gune alisimama mbele ya watu wote.

"Mimi ndiyo nilisema iko," alisema. "Mimi naua yeye."

Wengine waliinamisha vichwa, wengine wakageuka pembeni. Night alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Angeweza kufungua mdomo. Aliogopa kwamba wakijua karani alisikia akanyamaza, daftari halitakuwa na maana tena, na hao wengine watatawanyika kila mtu na kiti chake. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba aliona haya, na akamwachia mtu mmoja mzigo wa watu wawili.

Kesho yake Gune hakuitika. Wawili wakaenda, wakarudi. Wakasema yuko hai, haumwi, amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, hashoni chochote. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Albino alirudi akavua kofia.

"Afande, yeye nasema: 'Nyinyi naona mimi, khalas, basi, endeni.' Lakini macho yake hapana kuwa mzuri."

Night alimwona Robert wazi kabisa, kiti na yote. Usiku huo hakulala. Siku ya nne watu walipofika, walikuta moto haujawashwa. Aliwapa birika, vikombe, makaa na mabenchi, kila mtu na chake, akaweka daftari kwapani, na msururu mzima ukashuka njia ya matope hadi uani kwa Gune. Majirani walitoka kutazama. Gune hakuinuka kitini.

Night aliita majina. Wakaitika mmoja mmoja, kwa sauti za chini. Alipofika jina la Gune, mwenyewe hakuitika. Night hakupita. Alilifunga daftari juu ya kidole chake.

"Siku ile ya mvua," alisema, na ile sauti yake ya kufika mbali haikufika hata uani kote, ikabidi watu wasogee. "Mimi nilisikia. Nilijua hiyo si Jacob, ni weye. Mimi natia alama. Weye nadhani yeye nalala. Mimi sikudhani kitu. Nilichoka mvua tu. Kaburini weye nasema peke yako, na mimi nanyamaza. Malesh, Gune, samahani. Hiyo kitu ni yetu wawili."

Albino alimtazama Night kama mtu anayemtazama kwa mara ya kwanza, kisha akatazama chini. Haikuwa rahisi kwao kusikia, na wapo ambao hawajamtazama vizuri tangu siku hiyo.

Gune akanyoosha mkono, na Night, bila kujua anachotaka, akampa daftari. Alilifungua ukurasa mmoja, kisha mwingine, akishuka na kidole majina yote.

"Jina yako iko wapi?"

Halikuwemo. Miaka sita, na hakuna aliyewahi kulitafuta, hata mwenyewe. Mganga hajigangi. Robert alizikwa, asubuhi ya pili yake mjane wake akawasha moto akaanza kuita wenzake, na hakuna aliyejiuliza kama naye ana wa kumwita.

Gune aliomba kalamu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Kisha akainua kichwa.

"Night Keji."

Night alifungua mdomo, sauti haikutoka. Machozi yalimtangulia, machozi ya Robert na ya Jacob kwa pamoja, na akashika nguzo ya kibaraza asianguke. Nyuma ya kundi mtu mmoja alivuta pumzi, tayari kumwitikia, kama walivyosaidiana maisha yao yote. Albino akamshika bega. Mtu yule akanyamaza. Wote wakangoja, vikombe vitupu mikononi, jua likipanda juu ya mabati ya Gurei.

"Iko," alisema mwishowe.

Gune akatia alama, akamrudishia daftari.

"Sasa," akasema, "ita mimi."